Fumbo, Propaganda na Kundi Linaloamini: Funzo la Shamba la Wanyama kwa Watumishi wa Neno

1. Utangulizi

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hiyo ni ya kweli, lakini historia ya karne ya 20 inatulazimu kuitafakari upya. Mara nyingi mwerevu alilitambua fumbo mapema, kisha akanyamaza. Naye yule aliyeitwa mjinga hakuwa mjinga, bali alikuwa mtu mwaminifu aliyedhani kwamba wakubwa wake ni waaminifu kama yeye.

Makala hii inakusudia kuchunguza jinsi viongozi wanavyotumia propaganda kuwaongoza vibaya wafuasi wanaowaamini, kama jambo hilo linavyoonyeshwa katika fumbo la kisiasa. Kwa neno propaganda tuna maana ya habari inayotungwa na kuenezwa kwa makusudi ili wasikilizaji wafikie uamuzi uliokwisha kukatwa kwa niaba yao. Si lazima iwe uongo mtupu. Aghalabu huwa na chembe ya kweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya imezeke.

Kitabu tutakachokitazama hasa ni kile cha George Orwell kiitwacho Animal Farm, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1967 kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere chini ya jina Shamba la Wanyama. Wasomaji wengi walikisoma shuleni kama hadithi ya nguruwe na farasi. Sisi tutakisoma kama hati ya historia, kisha tutauliza swali linalotuhusu zaidi: mhubiri, mwenye mimbari na imani ya watu, husimama upande gani wakati kundi linapodanganywa?

2. Fumbo la kisiasa katika Maandiko

Fumbo la kisiasa si jambo geni kwa msomaji wa Biblia. Katika Waamuzi sura ya 9 tunamkuta Abimeleki akitafuta ufalme wa Shekemu. Njia yake inastahili kuangaliwa. Kwanza aliwatumia ndugu za mama yake wakaeneze habari masikioni mwa watu kwamba ni heri kutawaliwa na mmoja kuliko na wana sabini wa Yerubaali, na kwamba yeye ni damu yao. Pili alipewa fedha kutoka katika nyumba ya Baal-berithi, akawaajiri watu mabaradhuli wamfuate. Tatu aliwaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Hofu, undugu, fedha ya hekalu na jeshi la kukodiwa: karibu vyombo vyote vya propaganda ya karne yetu iliyopita vimo katika aya tano za kwanza za sura hiyo.

Yothamu, mdogo aliyeponea chupuchupu, hakuwa na jeshi. Alipanda Mlima Gerizimu akasimulia habari za miti iliyotaka mfalme. Mzeituni, mtini na mzabibu ilikataa kwa kuwa ilikuwa na kazi yenye faida. Mti wa miiba ukakubali, ukawaalika wenziwe wakae katika kivuli ambacho hauna. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya fumbo na propaganda. Propaganda humfumba msikilizaji macho huku ikidai kumwonyesha mambo. Fumbo humfunika jambo kwa muda ili alione mwenyewe, kama Nathani alivyomfanya Daudi atoe hukumu kabla ya kujua kwamba mshtakiwa ni yeye (2 Samweli 12).

Lipo pia tukio la Mikaya mbele ya Ahabu (1 Wafalme 22). Manabii wapatao mia nne walitabiri ushindi kwa kauli moja, na Zedekia akajitengenezea pembe za chuma ili maneno yaonekane kwa macho. Mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya alimshauri kwa upole aseme kama wengine. Tunaona kwamba propaganda ya Ahabu haikuendeshwa na wapagani. Iliendeshwa na watu wa dini, kwa jina la Bwana, na kwa umoja uliopendeza.

Fasihi yetu wenyewe inayo mapokeo haya. Shaaban Robert, akiandika chini ya utawala wa kikoloni, alitoa Kusadikika mwaka 1951. Nchi ile inayoelea angani iliwafunga wajumbe waliorudi na mawazo mema, na Waziri Majivuno akamshtaki Karama kwa kosa la kufundisha watu sheria. Mwandishi aliweza kusema hewani yale ambayo ilikuwa hatari kuyasema ardhini.

3. Mwandishi na wakati wake

George Orwell, ambaye jina lake halisi ni Eric Arthur Blair, alizaliwa mwaka 1903 huko Motihari, India. Kati ya mwaka 1922 na 1927 alikuwa askari polisi wa Kiingereza nchini Burma, ambako alijifunza jinsi utawala unavyojipamba kwa maneno. Mwishoni mwa mwaka 1936 alikwenda Hispania kupigana dhidi ya majeshi ya Franco. Mwezi Mei 1937 alipigwa risasi ya shingo. Mwezi uliofuata chama alichopigana chini yake kilipigwa marufuku kwa shinikizo la wakomunisti waliofuata amri za Moscow, wenzake wakaitwa wasaliti na wapelelezi wa adui, naye akatoroka pamoja na mkewe. Aliporudi Uingereza alikuta magazeti yakiwaita wasaliti watu aliowaona kwa macho yake wakifa vitani. Jeraha hilo la pili halikupona.

Kitabu chake alikiandika kati ya Novemba 1943 na Februari 1944. Wakati huo Umoja wa Kisovyeti ulikuwa mshirika wa Uingereza katika vita dhidi ya Hitler, na wachapishaji kadhaa walikikataa. Mmoja wao alikiacha baada ya kushauriwa na afisa wa Wizara ya Habari, Peter Smollett, ambaye baadaye ilijulikana kuwa alikuwa akiitumikia Moscow kwa siri. Hatimaye kilitoka London tarehe 17 Agosti 1945. Hivyo kitabu kuhusu udanganyifu nusura kizuiwe na udanganyifu huohuo, katika nchi iliyojisifu kuwa huru.

4. Njia za propaganda: fumbo na historia

Shamba lile lilianza kwa haki. Bwana Jones alikuwa mlevi na mkatili, na wanyama walikuwa na sababu ya kuasi, kama Warusi walivyokuwa na sababu mwaka 1917. Jambo hili lisisahauliwe, maana wapo wanaokisoma kitabu hiki kama utetezi wa mabwana wa zamani. Mwandishi hakusema kwamba wanyama walikosea kutamani uhuru. Alionyesha jinsi tamanio lao lilivyoibwa. Mwizi mkuu ni nguruwe Napoleon, lakini chombo chake ni nguruwe mwingine, Squealer, fundi wa maneno. Tutaziangalia njia zake nne.

(a) Hofu ya adui wa zamani. Nguruwe walipojitwalia maziwa na matofaa, Squealer alieleza kwamba wanakula si kwa kupenda bali kwa ajili ya afya ya shamba zima. Wasipokula, Jones atarudi. Hoja hiyo ilimaliza mjadala. Kila swali liligeuzwa kuwa swali la usalama. Ndivyo ilivyokuwa chini ya Stalin: kila upungufu ulihesabiwa kuwa kazi ya waharibifu. Trotsky, aliyefukuzwa nchini mwaka 1929, alitajwa katika kila njama hata akiwa mbali ng'ambo, mpaka alipouawa Mexico mwezi Agosti 1940. Katika fumbo yeye ni Snowball, ambaye kila kinu kikianguka na kila ufunguo ukipotea husemekana alipita usiku.

(b) Kubadili kumbukumbu. Snowball alipigana kwa ushujaa katika vita vya zizi la ng'ombe, na wanyama wote walimwona. Squealer hakuanza kwa kuwaambia kwamba hawakuona. Alianza kwa kusema kwamba ushujaa huo umetiwa chumvi, kisha kwamba ulikuwa hila, na mwisho kwamba Snowball alikuwa upande wa adui tangu mwanzo. Kumbukumbu iling'olewa jino moja moja. Huko Kisovyeti picha zilifutwa watu walioanguka, na mwaka 1938 kikatolewa kitabu rasmi cha historia ya chama, ambacho vijana wote walilazimika kukisoma, ambamo waasisi wengi wa mapinduzi wanaonekana kama wasaliti. Baadhi yao, kama Zinoviev na Kamenev mwaka 1936 na Bukharin mwaka 1938, walikuwa wamekiri hadharani makosa ambayo hawakuyafanya, kama wanyama wale waliokiri mbele ya mbwa kisha wakararuliwa.

(c) Takwimu. Wanyama walikuwa na njaa, lakini Squealer aliwasomea hesabu za mazao yaliyoongezeka. Mgeni alipokuja kutoka nje, mapipa yalijazwa mchanga na juu yake yakafunikwa nafaka. Historia inazo habari zinazolingana na hizo. Katika njaa ya miaka 1932 na 1933 walikufa mamilioni ya watu, hasa katika Ukraine na Kazakhstan, wakati serikali ikiendelea kuuza nafaka nje. Mwandishi kijana Gareth Jones alipotangaza habari za njaa hiyo mwezi Machi 1933, Walter Duranty wa gazeti la New York Times alimkanusha. Mwaka huohuo Édouard Herriot, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, alitembezwa Ukraine akarudi kwao akisema hakuna njaa. Mwaka 1937 ilifanyika sensa. Matokeo yake yalionyesha idadi ndogo kuliko ile iliyotangazwa na wakubwa. Yakafichwa, na wakuu wa sensa wakakamatwa, baadhi yao wakauawa. Sensa hiyo ilikuwa na swali la dini. Baada ya miaka 20 ya kuhubiriwa ukanaji wa Mungu, zaidi ya nusu ya watu wazima waliolijibu walijitaja kuwa waumini. Takwimu ya kweli ilizikwa pamoja na walioihesabu.

(d) Kubadili sheria usiku. Amri saba ziliandikwa ukutani kwa rangi nyeupe ili kila mnyama azione. Lakini wengi hawakujua kusoma. Farasi jike Clover aliposhuku kwamba amri fulani haikuwa hivyo, alimwita mbuzi Muriel amsomee, naye akasoma maneno yaliyokuwa yameongezwa. Clover akajilaumu kwa usahaulifu. Hapa mwandishi amegusa siri kubwa ya propaganda: mwaminifu akikuta neno la mkubwa halilingani na kumbukumbu yake, huishuku kumbukumbu yake kwanza. Unyenyekevu, ambao ni tunda jema, hugeuzwa kuwa kamba ya kumfungia.

Na juu ya njia hizi zote wapo kondoo na mbwa. Kila mtu alipotaka kuuliza, kondoo walilia wimbo mmoja mpaka nafasi ya kuuliza ikapita. Mbwa hawakusema kitu; walikaa tu karibu na Napoleon. Squealer alipoeleza mambo, mbwa watatu walikuwa pamoja naye. Ni vizuri kukumbuka kwamba maneno yake hayakushinda kwa uzuri wake peke yake.

5. Farasi na punda

Kitovu cha kitabu si nguruwe bali ni farasi Boxer. Katika utangulizi alioandika mwaka 1947 kwa ajili ya tafsiri ya Kiukraine, Orwell alieleza kwamba wazo lilimjia siku alipomwona mtoto wa miaka kama kumi akimwongoza farasi mkubwa kwa mjeledi. Akawaza kwamba kama farasi angejua nguvu zake, mtoto asingemweza.

Boxer hakuweza kujifunza herufi zaidi ya nne. Alikuwa na kanuni mbili tu: kila tatizo alijibu kwa kuongeza kazi, na kila shaka aliijibu kwa kuamini kwamba Napoleon hakosei. Wakati mmoja alithubutu kusema kwamba Snowball hakuwa msaliti mwanzoni, lakini alipoambiwa kwamba Napoleon mwenyewe amesema, alinyamaza. Kielelezo chake katika historia ni wafanyakazi kama Aleksei Stakhanov, mchimba makaa wa Donbas, ambaye mwezi Agosti 1935 ilitangazwa kuwa amechimba tani 102 kwa zamu moja, yaani mara 14 ya kiwango. Haikutangazwa kwa sauti hiyohiyo kwamba wenzake walimfanyia kazi nyingine zote ili yeye achimbe tu. Sifa yake ikawa fimbo kwa wengine, maana mwaka uliofuata viwango vya kazi vilipandishwa.

Boxer alipoanguka kwa uchovu, aliahidiwa hospitali. Gari lililokuja kumchukua lilikuwa la mchinja farasi, na jina la biashara hiyo limeandikwa ubavuni. Wanyama walimpungia mkono wa kwaheri. Ndipo punda Benjamin alipokuja mbio akawasomea maandishi. Walipiga kelele, lakini gari lilikuwa limeondoka. Baada ya siku chache Squealer alieleza kwamba daktari wa mifugo alikuwa amelinunua gari hilo na hajabadili maandishi, nao wakafarijika. Nguruwe wakapata fedha za kununulia kreti ya wiski.

Huyu Benjamin ndiye anayetuhusu sisi. Alijua kusoma sawa na nguruwe yeyote. Aliona amri zikibadilika. Hakudanganywa hata siku moja, wala hakuwadanganya wengine. Alikaa kando akisema kwamba maisha ya punda ni marefu. Alimpenda Boxer kuliko wote, walikuwa wakilisha pamoja siku za mapumziko. Na bado elimu yake aliitumia kwa mara ya kwanza gari lilipokwisha kuingia uani. Msomi wa namna hii hupatikana katika kila taifa, na hupatikana katika vyuo vya theolojia pia.

6. Kunguru aitwaye Moses

Kanisa halikusahauliwa katika fumbo hili. Limo katika umbo la kunguru aliyefugwa na Jones, jina lake Moses, ambaye hafanyi kazi bali huhubiri juu ya mlima wa sukari ulio mbinguni. Mwanzoni nguruwe walimpinga. Miaka ilipopita akarudi, akiwa hajabadilika, nao wakamruhusu akae pale na kumpa bia kidogo kila siku, huku wakisema kwamba habari zake ni uongo.

Twaweza kukasirikia picha hiyo, na ni kweli kwamba Orwell hakuwa mwamini. Lakini tuiweke kando ya historia. Utawala wa Kisovyeti uliwaua maelfu ya mapadre na kubomoa makanisa, likiwamo Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow mwezi Desemba 1931. Kisha vita vilipokuwa vikali, usiku wa tarehe 4 Septemba 1943, Stalin aliwaita maaskofu wakuu watatu. Siku nne baadaye Sergius, aliyekuwa ametoa tamko la uaminifu kwa serikali mwaka 1927, alichaguliwa kuwa Patriaki. Kanisa lilipewa pumzi, na waumini walifurahi kwa haki. Lakini lilipewa kwa kuwa lilihitajika kuwatia watu moyo wa vita. Serikali haikuacha kusema kwamba Mungu hayupo; iliona tu kwamba yafaa ahubiriwe.

Hukumu juu ya maaskofu wale si kazi yetu. Wao waliona makaburi ambayo sisi hatukuyaona. Swali la fumbo linabaki: injili yetu ni ya namna gani, ikiwa mwongo hana sababu ya kuiogopa? Matumaini ya mbinguni yanayohubiriwa ili njaa ya leo isitajwe si matumaini ya Ufunuo wa Yohana, ambao uliandikwa katika mateso na kumtaja mnyama kwa tabia zake.

7. Kundi la Kilutheri na sauti ya redio

Ingekuwa rahisi kuishia kwa Warusi. Lakini historia yetu Walutheri inayo sura yake, na ni chungu zaidi kwa sababu waliodanganywa walikuwa na Biblia mikononi na Katekisimo vichwani.

Hitler alipata ukansela wa Ujerumani tarehe 30 Januari 1933. Siku mbili baadaye mchungaji kijana Dietrich Bonhoeffer alizungumza redioni mjini Berlin juu ya wazo la kiongozi, akionya kwamba kiongozi anayekubali kufanywa sanamu na wafuasi wake hugeuka kuwa mpotoshaji. Matangazo yalikatwa kabla hajamaliza. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ilianza kuuza redio za bei nafuu ili kila nyumba isikie sauti moja.

Ndani ya Kanisa kilikuwapo kikundi kilichojiita Wakristo wa Kijerumani, kilichotaka kuunganisha msalaba na itikadi ya Nazi. Tarehe 22 Julai 1933, usiku wa kuamkia uchaguzi wa kanisa, Hitler mwenyewe alisema redioni akiwaunga mkono, nao wakashinda kwa wingi mkubwa. Mwezi Septemba Ludwig Müller alichaguliwa kuwa Askofu wa Taifa, na hilo lilifanyika Wittenberg, mji wa Luther. Tarehe 13 Novemba, siku tatu tu baada ya kumbukumbu ya miaka 450 ya kuzaliwa kwa Luther, wafuasi wapatao 20,000 walikusanyika katika ukumbi wa michezo mjini Berlin, na msemaji wao akadai Agano la Kale liondolewe. Hapo wengi walishtuka. Maandishi ya ubavuni mwa gari yalikuwa yamesomeka.

Je, ni nini kilichowafanya waumini wema wawafuate? Ni mambo yaleyale ya shambani. Iliwekwa mbele yao hofu ya wakomunisti kama hofu ya Jones. Waliahidiwa heshima ya taifa baada ya aibu ya mwaka 1918. Na mafundisho matakatifu yaliongezewa maneno kimya kimya: Warumi 13 ikasomwa bila Matendo 5:29, na fundisho la Luther juu ya tawala mbili likafanywa ruhusa ya kunyamaza. Hata wasomi wakubwa walisaidia. Mwezi Juni 1934 Paul Althaus na Werner Elert, maprofesa wa Kilutheri wa Erlangen, waliweka sahihi zao katika hati ya Ansbach iliyomshukuru Mungu kwa ajili ya kiongozi huyo. Na baada ya masinagogi kuchomwa mwezi Novemba 1938, askofu Martin Sasse wa Thuringia alichapisha kijitabu cha maneno makali ya Luther dhidi ya Wayahudi. Hapo Sasse hakuzua kitu. Maneno hayo Luther aliyaandika mwaka 1543. Hatuna budi kukiri kwamba chembe ya sumu ilitoka katika ghala yetu.

Walikuwapo waliosimama. Martin Niemöller, ambaye mwanzoni alikipigia kura chama cha Hitler, alianzisha umoja wa wachungaji ambao mwanzoni mwa 1934 ulikuwa na wanachama wapatao 7,000. Tarehe 29 hadi 31 Mei 1934 wajumbe 139 walikutana Barmen, wakakiri kwamba Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu tupasalo kulisikia, na kwamba Kanisa haliwezi kukubali sauti nyingine kando yake kama chemchemi ya mahubiri. Niemöller alifungwa toka 1937 mpaka 1945. Bonhoeffer aliuawa tarehe 9 Aprili 1945. Hata hivyo ungamo la Barmen halikusema neno lolote waziwazi juu ya Wayahudi, na mnamo Oktoba 1945 huko Stuttgart viongozi wa Kanisa walikiri kwamba hawakushuhudia kwa ujasiri wa kutosha. Hata waliosoma maandishi ya gari hawakuyasoma yote.

Mambo haya hayakuishia Ulaya. Nchini Rwanda gazeti Kangura lilichapisha mwezi Desemba 1990 amri kumi za chuki, na kuanzia Julai 1993 redio RTLM iliwaita watu mende, na neno kazi likapewa maana ya kuua. Wasikilizaji wengi walikuwa waumini waliobatizwa. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu mwezi Desemba 2003 kwa makosa yaliyohusiana na vyombo hivyo, ingawa rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao. Mahakama hiyohiyo iliwatia hatiani pia watumishi wa dini.

8. Fumbo nalo laweza kutekwa

Lipo jambo moja zaidi. Mwaka 1954 ilitolewa filamu ya katuni ya Shamba la Wanyama. Baadaye ilijulikana kwamba fedha zake zilitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwisho wa kitabu unawaonyesha nguruwe na binadamu mezani pamoja, hata wanyama wasiweze kutofautisha nyuso zao. Yaani mabwana wapya na wa zamani wamefanana. Katika filamu mwisho huo ulibadilishwa, wanyama wakawapindua nguruwe. Amri ya ukutani ilikuwa imebadilishwa tena usiku, na safari hii na wapinzani wa Napoleon. Orwell alikuwa amefariki mwezi Januari 1950. Naye pia hakuwa msafi kabisa, kwani mwaka 1949 aliipa idara ya siri ya propaganda ya Uingereza orodha ya watu aliowashuku. Basi hakuna kambi wala mwandishi aliyekingwa dhidi ya ugonjwa huu.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba propaganda haiwashindi watu kwa sababu ya ujinga wao. Hula imani yao, bidii yao na unyenyekevu wao, yaani mema yaleyale ambayo sisi wachungaji tunayapanda na kuyamwagilia. Kwa sababu hiyo tunawajibika kuliko wengine. Tukiwafundisha watu kuamini bila kuwafundisha kupima, tunamfugia mwingine farasi.

Yatupasa basi mambo matatu. La kwanza ni kufundisha watu kusoma ukuta. Luther alitafsiri Biblia na kuandika Katekisimo ili baba wa nyumba asitegemee macho ya mwingine. Darasa la Kipaimara linalokariri bila kuuliza limeusahau urithi huo. La pili ni kuifundisha Amri ya Nane kwa upana wake. Shahidi wa uongo si jirani mgomvi tu. Ni pia anayelipachika kundi zima la watu jina la wadudu, na mhubiri anayerudia takwimu au tuhuma ambayo hakuichunguza. Amri hii inatugusa hata katika siasa za ndani ya Kanisa, tunapochagua viongozi na kusambaza maneno dhidi ya wenzetu.

La tatu ni wakati. Yothamu alisema siku ya kutawazwa, si baada ya Shekemu kuteketea. Mikaya alisema kabla ya vita. Benjamin alisema kweli tupu, neno kwa neno kama lilivyoandikwa, na haikumsaidia Boxer. Anayejua kusoma na awasomee wenzake gari likiwa bado barabarani.